Kusoma Sanaa za Maonyesho Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Anayeanza

Mwongozo huu ni wa kijana aliyemaliza kidato cha sita, au mwenye stashahada mkononi, ambaye ameamua kwamba shahada yake ya kwanza itakuwa ya sanaa za maonyesho. Mifano mingi nimeitoa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maana ndiko idara ya fani hii ilikoanza kwa Tanzania, mwaka 1967. Anayekwenda Kenyatta kule Kenya au Makerere kule Uganda atakuta taratibu tofauti za kuingia chuoni, ila mazoezi, maandishi na njaa ya wiki ya onyesho havina tofauti.

Jambo moja nitalirudia mpaka unichoke: ingia na hamu yako ya kuigiza, lakini mwaka wa kwanza usiishe kabla hujashika kazi ya pili ya jukwaani. Iwe kuongoza, kuandika, kushona maleba (mavazi ya jukwaani), kupiga ngoma, kusimamia jukwaa au kuwasha taa. Waigizaji wako wengi. Mtu anayeweza kuigiza leo na kesho akasimamia taa bila kulalamika hutafutwa kwa simu.

Hatua ya kwanza: jua unachokwenda kusoma

Wengi hudhani shahada hii ni mlango wa nyuma wa kuingilia Bongo Movie. Utafundishwa kuigiza, ndiyo, lakini utasoma pia historia ya maonyesho ya huku kwetu na ya kwingineko, uandishi wa tamthilia, uongozaji, ubunifu wa jukwaa, ngoma, nadharia, utafiti, na maonyesho yanayofanywa pamoja na wanajamii. Filamu na televisheni kwa kawaida ni programu nyingine yenye masharti yake. Kama kinachokuvuta ni kamera, omba hiyo moja kwa moja badala ya kuingia kwenye maonyesho ya jukwaani ukitarajia kuhamia baadaye.

Kuna pia Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa pale mwaka 1981, na tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Pale unapata cheti au stashahada, na sehemu kubwa ya siku unaitumia kwa vitendo: mwili, ngoma, sauti, jukwaa. Chuo kikuu kinakupa shahada, na pamoja nayo mzigo wa kusoma na kuandika. Jipime hivi: ukiambiwa wiki nzima usome tamthilia nne na kuandika insha ya kurasa kumi, bila kukanyaga jukwaa hata mara moja, utavumilia? Kama jibu ni hapana, anzia Bagamoyo. Mlango wa shahada hautafungwa, kwa sababu mwenye stashahada nzuri huruhusiwa kuomba chuo kikuu. Kwa maoni yangu wanaopitia njia hiyo huwa wanafunzi bora, maana wanafika wakiwa wameshatoka jasho.

Halafu kuna nyumbani. Mzee akiuliza utakula nini, usimtajie majina ya mastaa; hapo atashinda yeye. Mtajie kazi: kufundisha, michezo ya redio, kutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki, kampeni za afya na elimu vijijini, ushereheshaji, ofisi za utamaduni za halmashauri. Mzazi anaogopa njaa, na hofu yake haina ubaya. Mpe majibu ya njaa.

Hatua ya pili: udahili na fedha

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa kitabu chake cha mwongozo wa udahili, na hicho ndicho cha kuamini. Kiwango cha jumla kwa anayetoka kidato cha sita ni ufaulu mkuu (principal pass) katika masomo mawili, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Alama ya S haihesabiwi. Kwa hiyo mwenye D mbili anatimiza kiwango hicho. Kwa mwenye stashahada, kiwango cha jumla ni GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0. Programu yenyewe inaweza kuongeza masharti, hasa kuhusu masomo gani uwe umefaulu, kwa hiyo tafuta jina la programu yako kwenye kitabu na usome mstari wake wote mpaka mwisho.

Maombi unayatuma chuoni kwenyewe kwa njia ya mtandao. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, unathibitisha kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa. Wapo wanaochaguliwa vizuri kabisa kisha wakapoteza nafasi kwa sababu laini iliyosajiliwa kwenye fomu ni ya shangazi aliyesafiri. Tumia namba yako mwenyewe.

Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, HESLB, na hiyo ni safari nyingine kabisa, yenye tarehe zake. Anza mapema na uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kupitia RITA, au mamlaka husika kama umezaliwa Zanzibar, maana hapo ndipo foleni inapokwama. Panga bajeti yako kana kwamba utapewa nusu ya ulichoomba. Fani hii ina gharama zisizoonekana kwenye karatasi ya ada: nauli za kwenda kutazama maonyesho, nguo za mazoezi, kitenge cha maleba, chakula cha usiku mazoezi yakichelewa. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likitoka, tenga fungu la onyesho kabla hujanunua simu mpya.

Hatua ya tatu: miezi ya kusubiri, soma tamthilia kwa jicho la jukwaa

Mtihani wa kidato cha sita unaisha Mei, vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba. Miezi hiyo ndiyo mali kubwa uliyonayo, na wengi wanaimaliza kibarazani.

Umeshazoea kusoma tamthilia kwa ajili ya mtihani: fani, maudhui, wahusika, ujumbe, basi. Achana na usomaji huo. Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, inayohusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Shuleni uliulizwa dhamira. Sasa jiulize mambo mengine. Onyesho hili, yaani kipande hiki cha mchezo, lina watu wangapi jukwaani kwa mpigo? Huyu ameingilia upande gani, na alikuwa wapi kabla ya kuingia? Mkononi ana nini? Kinjeketile anaingia mtoni na kutoka: mto wenyewe uko wapi, wakati una mbao kavu, taa mbili na wanafunzi kumi na wawili? Utaonyesha maji kwa kitambaa cha bluu, kwa sauti za waimbaji, au kwa nyuso za watu wanaotazama upande mmoja? Ukiweza kuandika majibu matatu tofauti kwa swali hilo moja, umeshaanza kusomea uongozaji.

Fanya hivyo kwa tamthilia tano au sita, na uchague waandishi wasiofanana. Penina Muhando na Amandina Lihamba, wote wawili waliowahi kufundisha katika idara ya Dar es Salaam, watakuonyesha jinsi hadithi za mapokeo, nyimbo na ngoma zinavyoingizwa ndani ya mchezo bila kuwa mapambo. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar atakulazimisha kufikiri jukwaa lisilofuata uhalisia. Kithaka wa Mberia wa Kenya ana lugha inayodai pumzi. Kisha tafuta Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, ya mwaka 1969, uisome kwa sauti ukiwa umesimama. Usijali kama huielewi yote. Unaisoma kwa ajili ya mapafu: mistari ni mirefu, na bila kupanga mahali pa kuvuta pumzi utakata sentensi pabaya.

Wakati huohuo, katika mtaa au kijiji chenu, jifunze ngoma moja ya nyumbani sawasawa. Msukuma ajifunze bugobogobo, Mmakonde sindimba, Mzaramo mdundiko. Usiishie kucheza, jua nani huanzisha wimbo, ngoma kubwa inaitika wapi, nani haruhusiwi kucheza na kwa nini. Chuoni utakutana na wenzako wanaojua hatua mbili tatu za kila ngoma, zile za kuchezea watalii. Wewe uje na moja unayoijua mpaka mizizi, uwafundishe.

Hatua ya nne: semista ya kwanza

Tembelea idara yako siku za mwanzo kabisa, ujue ofisi, chumba cha mazoezi na ubao wa matangazo ulipo. Kwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara siku hizi inaitwa ya Sanaa Bunifu. Salimia mlinzi wa jengo na mtunza vifaa kwa heshima zote, shikamoo ya kweli. Saa mbili usiku, funguo zikihitajika, huyo ndiye atakayeamua kama mtafanya mazoezi ndani au chini ya mwembe.

Utakuta kozi za lazima na za hiari. Za hiari zichague kwa kuangalia ile kazi yako ya pili. Unataka kuandika? Ongeza fasihi ya Kiswahili. Unataka kufanya kazi na jamii? Tafuta kozi za sosholojia au mawasiliano.

Onyo moja la kweli: wanafunzi wa fani hii hawaangushwi na uigizaji. Wanaangushwa na zile kozi za chuo kizima, hasa taaluma za maendeleo, DS kama kila mtu anavyoiita, na ile ya stadi za mawasiliano. Unatoka mazoezini saa nne usiku umechoka, mtihani wa DS ni asubuhi, unasema utadesa, yaani utanakili kwa wenzako. Matokeo ni sup, mtihani wa marudio, na sup zikirundikana unadisko, yaani unaondolewa chuoni, ukiwa mwigizaji bora wa darasa. Weka saa mbili za vimbweta, yaani za kujisomea kwenye viti vya zege vya chuoni, kila siku ya wiki, kabla ya mazoezi, si baada yake.

Lugha nayo ina mtego. Mihadhara na mitihani ni kwa Kiingereza, lakini jukwaani mnaigiza kwa Kiswahili na mazoezi yanaendeshwa kwa Kiswahili. Kuna mwanafunzi anayechambua onyesho vizuri sana mdomoni, kisha kwenye karatasi anaandika mistari minne. Dawa yake ni daftari. Kila unapotoka kwenye mazoezi au onyesho, andika nusu ukurasa kwa lugha ya mtihani: nini kilifanyika, kilifanya kazi au hakikufanya, na kwa nini. Ukifika wiki ya insha utakuwa na malighafi, wenzako wanaanza kukumbuka.

Hatua ya tano: mwili na sauti, kila siku

Dakika ishirini asubuhi zinatosha, lakini ziwe za kila siku. Lala chali, weka kitabu tumboni, vuta pumzi mpaka kitabu kinyanyuke na kifua kitulie. Toa pumzi polepole kwa sauti ya "sss" ukihesabu kimoyomoyo. Simama, vuma mdomo ukiwa umefungwa mpaka uhisi mtetemo puani na kifuani. Kisha chukua aya ya gazeti, uisome kwa mtu aliyesimama mwisho wa uwanja, bila kupiga kelele.

Hapo utagundua tatizo ambalo vitabu vya uigizaji vilivyoandikwa Ulaya havitakuambia. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho hufifia. Chumbani haina shida. Kwenye ukumbi wenye mafeni, au Bagamoyo upepo wa bahari ukivuma, mtazamaji wa nyuma anasikia "amepi" na hajui kama mtu amepika, amepita au amepima. Fanya zoezi la kutamka mistari yako ukizibeba silabi za mwisho mpaka nje, bila kuhamisha mkazo. Mwanzoni utajisikia kama mtangazaji wa kituo cha treni. Baada ya wiki chache sauti inazoea, na mwongozaji anaacha kukufokea.

Mwili: kuruka kamba, kunyoosha viungo, ngoma. Usinunue viatu vya bei. Mazoezi mengi yanafanywa pekupeku.

Hatua ya sita: onyesho la darasa, kuanzia karatasi hadi watazamaji

Hapa ndipo shahada yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukulia mmepewa wiki sita.

Wiki ya kwanza, kaeni mezani. Someni tamthilia yote kwa sauti, mara mbili, kabla ya kugawana nafasi. Kila mtu aandike kwa sentensi moja mhusika wake anataka nini katika kila onyesho. Sio "ana huzuni". Anataka nini: aombwe radhi, apewe fedha, yule mwingine atoke. Hisia haiigiziki, lakini kutaka kunaigizika. Wiki hiyohiyo gawaneni majukumu ya nyuma ya jukwaa, na hapa usijifiche nyuma ya wenzako. Jitolee kuwa msimamizi wa jukwaa angalau mara moja kabla hujahitimu. Ni kazi isiyopigiwa makofi, na inafundisha kuliko nafasi yoyote ya kuigiza.

Msimamizi ana daftari la jukwaa. Upande mmoja wa kila ukurasa kuna maneno ya tamthilia. Upande wa pili anaandika kwa penseli kila mwendo, kila kuingia na kutoka, kila taa na kila sauti. Penseli, kwa sababu mwongozaji atabadili mawazo. Anayo orodha ya vifaa: kila kimoja nani anakileta, kimekaa meza gani. Ana namba za simu za wote. Anafika nusu saa kabla ya wengine. Mwongozaji akiugua malaria siku tatu kabla ya onyesho, onyesho linaendelea kwa sababu ya lile daftari.

Wiki ya pili na ya tatu, pangeni mienendo. Chora jukwaa sakafuni kwa chaki au kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa vipimo halisi vya mahali mtakapoonyesha. Kikundi kikifanya mazoezi kwenye chumba kikubwa na kuonyesha kwenye jukwaa dogo, siku ya kwanza watagongana kama abiria wa mabasi ya mwendokasi asubuhi.

Wiki ya nne karatasi zinawekwa chini. Mistari ikariri ukiwa unatembea, ukiyaunganisha maneno na mwendo. Wekeni mtu mmoja wa kukumbusha mistari, na asitoe neno mpaka aombwe. Wiki ya tano pitieni mchezo wote bila kusimama, hata mambo yakiharibika, halafu maoni yaje mwisho. Wiki ya sita ni taa, sauti, maleba, kisha zoezi kamili kama vile watazamaji wapo.

Kuhusu maleba: usikimbilie kushonesha. Mchikichini pale Ilala kuna mitumba ya kila enzi. Koti la mkoloni, gauni la miaka ya sabini, buti za jeshi, vyote vinapatikana kwa anayeamka mapema na asiyeona haya kuomba apunguziwe. Kariakoo ni kwa vitambaa vya kununua kwa jora. Kabla ya kununua chochote, washeni taa mtakazotumia na mtazame rangi zake chini ya mwanga huo. Khaki huweza kugeuka rangi ya uji.

Kuhusu umeme: lazima mpange onyesho la gizani. Kaeni na taa za kuchaji, na mwigizaji mwenye wimbo wa kuanzisha umeme ukikatika, ili watazamaji wasianze kuwasha simu. Mila yetu ya kusimulia hadithi ilikuwa ikifanya kazi kwa moto wa kuni tu. Mchezo unaokufa kwa sababu ya kukatika umeme ulikuwa na ugonjwa mwingine.

Kuhusu tarehe: angalieni ratiba ya Simba na Yanga kabla ya kuchapa matangazo. Sitanii. Na msianze saa ya magharibi, mkawa mnashindana na adhana na kuwakosesha nusu ya watazamaji sala yao.

Hatua ya saba: likizo na kazi ya kijijini

Sehemu ya fani hii iliyotupa jina ni maonyesho kwa maendeleo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama na wenzake walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza: wanakijiji ndio waliotaja matatizo yao, wakayachambua, wakayaigiza na kuyajadili. Miaka ya 1990 yeye na Lihamba wakaanzisha Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari walitumia maonyesho kusema yanayowazuia kusoma, na wazo hilo limeenda nchi nyingine za Afrika.

Ukipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, au likizo ndefu tu, fanya kazi ya namna hii na ufuate mpangilio. Fika kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, na barua ya chuo. Kaa siku kadhaa bila kuuliza maswali ya utafiti. Chota maji, nenda msibani, kaa kijiweni. Sikiliza watu wanalalamikia nini wakiwa hawajui unasikiliza kwa kazi. Kisha ita mkutano mdogo, wa wanawake peke yao kama mila za pale zinawabana kusema mbele ya wanaume, na wa vijana peke yao. Tatizo likishatajwa, waulize linasababishwa na nini, na hicho nacho kinasababishwa na nini. Tengenezeni onyesho pamoja nao, wakitumia ngoma na mizaha yao. Liachie mwisho wake wazi, watazamaji wabishane, na mtu akisema "yule mama angefanya hivi" mwambie aje aonyeshe. Mjadala uwe na mwenyekiti anayejua kumnyamazisha msemaji mmoja. Andikeni kilichokubaliwa na nani atakifuatilia.

Utakutana pia na mashirika yanayokuja na ujumbe umeshapikwa: igizeni watu wanawe mikono, igizeni watu walale kwenye chandarua, dakika kumi na tano, na fulana zenye nembo. Ichukue kazi hiyo ukiihitaji fedha, kodi ya chumba haijui nadharia. Lakini ujue ni tangazo lenye miguu. Kama hakuna aliyeuliza kwa nini watu hawanawi, na pengine kijiji hakina maji, usiiandike kwenye utafiti wako kama maonyesho kwa maendeleo.

Hatua ya nane: utafiti wa mwaka wa mwisho

Chagua mada unayoweza kuifikia kwa daladala. Kikundi cha vichekesho cha Mbagala, michezo ya kwaya za makanisa, washereheshaji wa kitchen party na wanavyocheza na hadhira: haya hayajaandikwa vya kutosha, na wahusika wako hai na wanapokea simu. Mada ya "nafasi ya sanaa katika jamii" imeandikwa mpaka imechakaa na haimalizwi.

Omba barua ya utafiti mapema. Ukimrekodi mzee anayejua ngoma au hadithi, omba ruhusa kabla ya kuwasha simu, mweleze utaitumia wapi, na umrudishie nakala. Ukitaka kugeuza riwaya ya mtu kuwa mchezo wa jukwaani na kuuza tiketi, tafuta idhini ya mwandishi au mchapishaji. Zoezi la darasani ni jambo moja, mlangoni penye kiingilio ni jingine.

Hatua ya tisa: anza kufanya kazi kabla ya joho

Mwaka wa pili uwe unajulikana nje ya chuo. Nenda Nafasi Art Space pale Mikocheni, nenda Makumbusho ya Taifa kunapokuwa na onyesho, nenda Bagamoyo kwenye tamasha la kila mwaka. Usiende kutazama tu. Jitolee kubeba vifaa, kuuza tiketi, kuongoza wageni. Anayebeba vifaa anaona mpangilio mzima wa kazi na anakutana na kila mtu.

Kusanya ushahidi wa kazi zako: picha nzuri kumi, video fupi mbili zenye sauti inayosikika, orodha ya michezo na jukumu lako katika kila mmoja. Kama lengo ni kufundisha, fahamu kwamba shahada hii peke yake haikufanyi mwalimu. Utahitaji stashahada ya uzamili katika elimu, basi iweke kwenye hesabu zako tangu sasa.

Mkiwa kikundi, jisajilini Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na mjue vibali vinavyotakiwa kabla ya kuonyesha hadharani. Zanzibar ina baraza lake, BASSFU. Maandishi yenu yasajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Fungueni akaunti ya kikundi yenye waweka saini watatu, na mmoja wao asiwe rafiki wa karibu wa kiongozi.

Na mkataba. Hata kama anayewaita ni kaka wa mtaani, uandikwe: onyesho la dakika ngapi, siku gani, watu wangapi, nani analipia nauli na chakula, video ni mali ya nani, onyesho likiahirishwa inakuwaje. Ombeni nusu ya malipo kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi. Akisema mtalipwa kwa kujulikana, mshukuruni kwa adabu na mrudi kimbwetani.